Wali ya Jana kwa Mama Khaled

MWANVUA: Haloo? Haloo! Nani uyo?

SOUMAYA: Asalaam aleikum, dada. Ni mi.

MWANVUA: Waaleikum salaam. "Mi" ni wengi hapa Buyenzi. We nani?

SOUMAYA: Soumaya. Bibi ya... Soumaya, dada.

MWANVUA: Bibi ya Khaled. Sema tu, haitaniua. Namba yangu umepata wapi?

SOUMAYA: Kwa jirani Houda. Najua hunipendi, lakini usikate. Niko na shida ya jikoni.

MWANVUA: Jikoni! Bwana umechukua, nyumba umechukua, hata sufuria zangu ziko kwako. Umekosa nini sasa, chumvi?

SOUMAYA: Ile wali yako. Ile ya Indonezia.

MWANVUA: Nasi goreng. Wali ya kukaanga.

SOUMAYA: Njo iyo! Khaled anaiimba kila siku. Leo mama yake amekuja kula kwangu, mara ya kwanza tangu ndoa, na Khaled amesha kumwambia nitapika iyo. Nimejaribu, inageuka uji. Dada, mama akikataa chakula yangu, Khaled ata— we unajua vile anamusikiaka mama yake.

MWANVUA: Najua. Nani anajua kunishinda?

[Mtandao unakwaruza.]

SOUMAYA: Haloo? Dada? Iyi réseau—

MWANVUA: Niko. Mama ameketi wapi?

SOUMAYA: Kwa saloni, kwa kiti ya wageni, na tasbihi yake.

MWANVUA: Karibu na mulango ya jikoni.

SOUMAYA: Apo apo. Unanisaidia ao?

MWANVUA: Nakusaidia. Wallahi, leo nakusaidia vizuri. Mikono yako iko wapi?

SOUMAYA: Moja imeshika simu—

MWANVUA: Kazi iyi ni ya mikono mbili. Weka haut-parleur, sauti yangu itoke inje, simamisha simu kwa dirisha. Pandisha sauti mpaka mwisho, huku kwangu magaraji yanapiga kelele.

SOUMAYA: Aya. Unanisikia?

MWANVUA: Kabisa. Ponda kitunguu, saumu, pilipili, na ndagala kavu, wale samaki wadogo, ndani. Wati, ule Muindonezia tulifanyaka naye kazi Oman, aliwekaka kamba wa baharini waliochachuka, harufu yake Mungu anisamehe. Mi nikaweka ndagala ya ziwa yetu. Unaponda?

SOUMAYA: Naponda... uwii, macho yangu!

MWANVUA: Lia tu. Mafuta iko moto? Tupa yote. [kwaaa] Eeh, nasikia. Sosi ya soya umechanganya na sukari ya kuunguza?

SOUMAYA: Nyeusi kama lami.

MWANVUA: Vizuri. Leta wali. Imepikwa lini?

SOUMAYA: Sasa ivi. Bado ya moto.

MWANVUA: Basi zima jiko, usonge ugali.

SOUMAYA: Dada—

MWANVUA: Wali ya moto ikiingia mule inashikana. Ndio uji yako iyo. Nakuuliza tena. Imepikwa lini?

SOUMAYA: [kwa sauti ndogo] Jana.

MWANVUA: Sisikii. Réseau.

SOUMAYA: Jana! Ya moto njo iligeuka uji; iyi nimepika jana, imelala kwa frigo. We si ulifanyaka ivyo ivyo?

MWANVUA: Ivyo ivyo. Kwa nini ilale?

SOUMAYA: Ju... inakauka. Kila punje inasimama peke yake.

MWANVUA: Basi ni kiporo, ao ni mapishi?

SOUMAYA: Ni mapishi, dada. Njo vile inapikwaka.

MWANVUA: Na siku ile mama ya Khaled alikuja kula kwangu, ulijua? We jirani yangu, umesimama kando yangu unamenya vitunguu, mi nakueleza yote kwa roho safi?

SOUMAYA: Ayo ni mambo ya zamani—

MWANVUA: Ulijua?

SOUMAYA: Nilijua. Si ulikuwa umenieleza.

MWANVUA: Ukaenda kumwambia nini mama mukwe wangu, kinywa ndani ya sikio yake, na sahani iko mukononi mwake?

SOUMAYA: Dada, acha iyo.

MWANVUA: Sema, mafuta inaungua.

SOUMAYA: Nilimwambia... unamupa makombo. Unamulisha kiporo ju humuheshimu. Nilikuwa mutoto, dada! Nilimutaka Khaled, akili yangu ilikuwa imetoka. Nisamehe.

MWANVUA: Aliweka sahani chini, akatoka bila kuaga. Wiki haikuisha, talaka. Mi nilipikaka harusi za watu, Soumaya. Leo hakuna hata mumoja ananiita. Nikipita wanasema, ni ule aliyelisha mukwe wake makombo. Na we umelala kwa kitanda yangu ukijua ni uongo!

SOUMAYA: Nimesema nisamehe! Tena usimwambie mutu. Mama akijua—

MWANVUA: Mi simwambii mutu. Nani anakohoa apo?

SOUMAYA: Anakohoa wa— [anageuka] Mama. Umesimama apo tangu saa ngapi?

MWANVUA: Asalaam aleikum, mama. Ni Mwanvua.

SOUMAYA: Yarabi! Inazimwa wapi iyi— dada, umeniua! We mutu mubaya, we—

MAMA KHALED: Usizime. Toa mukono yako apo.

MWANVUA: Amesema mwenyewe, mama. Mi niliuliza tu.

MAMA KHALED: Mwanvua. [simu inakwaruza] Siku ile nilikula tonge moja. Ilikuwa tamu.

MWANVUA: Najua ilikuwa tamu. Hukuniuliza kitu.

MAMA KHALED: Astaghfirullah... Uje. Uje sasa ivi, mwanangu, unipikie mbele ya watu wote waone.

MWANVUA: Apana, mama. Mupishi mulimuchagua, muko naye. Soumaya!

SOUMAYA: [analia] Nini tena?

MWANVUA: Wali isiungue. Moto mukali, geuza bila kuponda. Yai ikae juu. Umupakulie mama wa kwanza, sahani ijae, na we uketi mbele yake umuangalie usoni.

SOUMAYA: Unité za simu zinaisha, da—

MWANVUA: Na we mama, ya leo ule umalize.

[Simu imekatika.]