Mrushaji wa Mwisho

Gari la Bi Mahbuba lilikuwa gereji, mtaa wa Wadi Kabir, naye akapanda basi kulifuata. Mbele yake Waganda wawili walikuwa wakibishana.

"Kaka yako Edirisa anakaa benchi mechi nzima ya besiboli," Kayondo alisema. "Warushaji wenzake wakichoka ndiyo anaitwa arushe mipira kidogo. Sasa kocha anamtaka aanze yeye, eti anasita!"

"Anaitwa mambo yakiharibika, na hapo ndipo anapoweza," Nankya alijibu. "Akianza, atapigwa kama ngoma. Atanipigia sasa hivi nimshauri."

"Mwambie akubali! Nani humkumbuka mtu wa mwisho?"

Bi Mahbuba hakuzoea kumeza neno. "Mie nnamkumbuka. Kwetu wali wa harusi ukishika moshi huitwa shangazi yangu, auhamishie sufuria nyingine na kuutia vitunguu. Wageni wanakula, wanashiba."

Kayondo akacheka. "Na sifa anapewa nani, mama?"

"Mpishi. Lakini harusi ijayo, shangazi ndiye anayealikwa mapema."

Simu ikalia. Basi likasimama, wakashuka wote wawili, Nankya simu sikioni. Bi Mahbuba akagonga kioo kwa pete: "Asikubali!"

Basi likaondoka. Aliona midomo ya Nankya ikienda mbio, ila maneno yalibaki nje na joto.