Bridget Aketch, Aliyetibu Kizunguzungu cha Watu

Ndugu wa Mugutha, nanyi mliotoka mbali, hata Siaya, poleni, na asanteni kwa kufika. Mimi ni Ronny Oluoch, ndugu mdogo wa marehemu, na nitasoma yote, hata sehemu ambayo wazee walinishauri niiruke.

Bridget Aketch alizaliwa tarehe 9 Aprili 1984 huko Makongeni, Thika, binti wa kwanza wa mzee Nicanor, fundi wa mashine kiwandani, akasoma hapo hapo mtaani, akamaliza sekondari mwaka 2001, na mwaka 2006 akapata diploma ya tiba ya viungo. Alifunga ndoa na Zacharia Ngigi tarehe 12 Desemba 2009 mjini Ruiru, wakajaliwa Lynn mwaka 2011 na Mitchell mwaka 2016. Baada ya miaka minane hospitalini, Februari 2015 alianza kuwafuata nyumbani wagonjwa wa kizunguzungu, kwa sababu, alisema, mtu anayeona nyumba ikizunguka humwambii apande gari.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kwa pikipiki, Witeithie, Kahawa Wendani, hadi Thika, naye akifika humlaza mgonjwa, kichwa kikining'inia ukingoni mwa kitanda, anakigeuza polepole huku akiyatazama macho, anamtania kwamba si yeye aliyelewa, ni sikio, maana kizunguzungu hicho hutoka ndani ya sikio. Na kila nyumba, sikumbuki hata moja aliyoiruka, aliwaonya wenye mgonjwa kwamba kizunguzungu kisichokoma, kikija na ulimi mzito au kuona vitu viwili viwili, hicho si cha sikio wala si kazi yake, wakimbie hospitali.

Tarehe 12 Mei 2025 alianza kutembea akigusa ukuta. Tarehe 23 alimimina chai kando ya kikombe, akacheka, akasema ni uchovu. Jumapili tarehe 1 Juni, kanisani, maneno ya wimbo yalimtoka yakiburuzika, na Zacharia alipotaja hospitali, Aketch akamwambia kesho kuna wagonjwa watatu wanamngoja. Jumatatu asubuhi, Zacharia akiwa kazini, Aketch alilala kitandani akaniambia, "Ronny, nishikie kichwa tu, hii naijua."

Nikamshikia. Nilikigeuza kulia, kushoto, mara tatu, kama nilivyomwona akifanya, na macho yake hayakutulia. Nilijua, jamani, onyo lile nimelisikia miaka kumi, lakini yeye ndiye aliyesoma, mimi ni wa pikipiki tu, nikaendelea kumshikia kichwa. Kufika saa nane mchana hakuweza kumeza hata mate. Ndipo nikamkimbiza hospitali, madaktari wakakuta mshipa umeziba nyuma ya ubongo, na Jumanne tarehe 3 Juni, saa kumi na moja jioni, akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopambana, majirani mliotupikia na kukaa nasi, wenzake wa kazi, na wagonjwa wake, ambao leo nawaona wamesimama bila kushikwa. Lynn na Mitchell mkikua mtaniuliza kwa nini sikumpeleka mapema, na sitawaficha kitu. Pumzika kwa amani, Aketch, maswali ya watoto niachie mimi.