Mzee Zayed na Dirisha la Kabazi

Na Jerry Achola, kwa niaba ya wafanyakazi wenzake

Baada ya miaka thelathini na moja ya kupiga picha ndani ya makanisa, misikiti na mahekalu ya Nakuru na viunga vyake, Mzee Zayed Mbwana anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Nimeombwa niandike maneno machache ya kumuaga, na ningependa yawe ya furaha tupu. Hayatakuwa hivyo, na yeye mwenyewe ameniruhusu.

Alijiunga na shirika letu, linalohifadhi picha za majengo ya ibada, akitoka studio ya picha za pasipoti mjini. Kule alizoea kuwaamuru watu wakae wima wasicheke. Hapa akageuka kuwa mtu wa kungoja. Hakuwahi kuwasha taa ya kamera ndani ya nyumba ya ibada. Alisema kila nyumba ina mwanga wake na kivuli chake, na kazi yake ni kuvisubiri vikutane. Basi alikaa benchini au mkekani akitazama jua likisogea ukutani, huku sisi wengine tukitazama saa.

Picha yake inayojulikana zaidi aliipiga mtaani Rhonda, katika kanisa la mabati la Pasta Nyongesa. Mabati yale yalikuwa yametumika kwingine, yamejaa matundu ya misumari, na asubuhi jua lilinyunyiza vidoa vya mwanga juu ya vitambaa vya kina mama. Pasta aliona aibu, akaomba angojewe azibe kwanza. Zayed akapiga kabla ngazi haijapatikana. Picha ile ikawekwa kwenye bango la harambee ya paa jipya, harambee ikafana, paa likaja, na vidoa vikaisha. Mpaka leo Mzee hajui kama afurahi au la.

Kwa malezi yake ya msikitini, alivua viatu mlangoni mwa kila nyumba ya ibada, hata makanisani ambako hakuna aliyemwomba. Huko Rongai alifanya hivyo siku ya shukrani ya mavuno. Wazee wa kanisa walivikuta viatu kando ya kabeji na magunia ya mahindi, wakadhani ni sadaka ya muumini fulani, wakavipeleka mbele kwenye mnada. Yeye alikuwa juu, kwenye roshani ya kwaya, jicho liko kwenye kamera. Alipogutuka, mwalimu Chepkorir alikuwa ameshapandisha bei. Ilibidi anunue viatu vyake mwenyewe, na hujigamba kwamba ndiyo sadaka yake ya kwanza kanisani.

Lakini mtu akimtajia Kabazi, hacheki. Kulikuwa na kanisa dogo la mawe huko, na juu ya ukuta wa kaskazini dirisha la duara ambalo fundi Kiarie alilijenga kwa mkono wake. Jua liliingia pale mwezi wa sita na wa saba tu, likaangukia benchi la pili. Kiarie alipofariki, mjane wake, Mama Shiru, alianza kukaa kwenye benchi hilo. Alimwomba Zayed kitu kimoja: ampige picha akiwa pale, mwanga wa dirisha la mumewe ukimwangukia.

Bahati mbaya, miezi hiyo ndiyo Kabazi hufunikwa na mawingu ya baridi. Zayed alikwenda, akangoja, akarudi bila picha. Akaenda mwaka uliofuata, na mwingine. Kila mara Mama Shiru alivaa vizuri akakaa, na kila mara Zayed alimwambia wavumilie, jua litatoka. Hakubonyeza kamera hata mara moja. Mwaka jana waumini walibomoa kanisa hilo ili wajenge kubwa, na habari zilitufikia ukuta ukiwa umeshalala chini. Palipokuwa na benchi sasa watu huegesha magari.

Zayed alikwenda kumwomba Mama Shiru msamaha. Mama hakumkasirikia. Alimwekea chai, kisha akamwambia: "Si ungepiga tu, hata kama ni giza. Mimi najua penye mwanga inapitanga."

Ameniambia maneno hayo mara nyingi tukiwa ofisini. Ana maelfu ya picha katika kabati zetu, na hiyo aliyoombwa na Mama Shiru haimo. Inamuuma, na inatuuma sisi pia, maana tulimsifu kwa kungoja kwake, tukawafundisha wapiga picha wapya wafanye vivyo hivyo.

Wiki yake ya kwanza ya kustaafu, atapanda Kabazi na kamera yake mwenyewe. Mama Shiru amekubali kusimama palipokuwa na benchi.

Mzee Zayed, asante kwa macho yako, kwa subira yako, na kwa kututania tulipochoka. Tunakuombea afya na mapumziko mema pamoja na mkeo Bi Kuluthum na wajukuu. Na ukifika Kabazi ukute mawingu yametanda, piga tu.