Leokadia Wambura, Mjukuu wa Mhunzi

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni Tobias Wambura wa Temple Hills, kaka mkubwa wa marehemu, na karatasi aliyoshika ni ya pili, ile ya kwanza ameichana asubuhi ya leo kwa sababu ilianza na uongo uleule aliowalisha wengi wenu kwa miaka, kwamba ukoo huu ni wa watemi.

Leokadia alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, wilayani Musoma, katika nyumba ya wahunzi, ndiyo, wahunzi, watu ambao majembe yao yalilima kijiji kizima lakini hakuna aliyekubali kuoa kwao wala kula nao sahani moja. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari Tabora, na mwaka 1978 akahitimu uuguzi Mwanza.

Tarehe 9 Agosti 1980 alifunga ndoa na Peterson Magesa, wakajaliwa watoto wawili, Anna na Mark, na mwaka 1991 familia ilihamia huku ughaibuni baada ya Peterson kupata udereva ubalozini, Leokadia akaanza upya kabisa, akiogesha wazee wa watu kwa shifti mbili huko Arlington, mpaka alipopata leseni ya uuguzi mwaka 1996.

Mwaka 2003, akiwa raia na mwenye nyumba Alder Branch, kimji kilichopakana na Hyattsville, na akiwa amechoka kuandika barua kuhusu mtaro uliofurika hadi mlangoni kwake, aligombea udiwani, mwanamke Mweusi wa kwanza kuthubutu hivyo katika mji ule. Kaka yake alipewa kazi ya vipeperushi, naye, jamani, akaandika kwamba mgombea ni mjukuu wa mtemi.

Tarehe 24 Aprili, kwenye mkutano wa wagombea katika ukumbi wa zimamoto, mama mmoja alitaka kusikia habari za utemi huo, na Leokadia akakisoma kipeperushi mara mbili, akakikunja, akasema babu yake alifua chuma, akaeleza walivyotengwa, na kwamba kwa sababu hiyo hatanyamaza mtu mwingine akitengwa. Tobias aliondoka kwa mlango wa nyuma. Baadaye alimpigia simu akamwambia ameivua nguo familia mbele ya watu, na Leokadia akamjibu taratibu kwamba, kaka, mimi nimetaja kazi ya babu tu, aliyesikia tusi ni wewe.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, naye Tobias alikuwa mtumwa aliyevaa tai. Aliwapigia simu Watanzania wa Alder Branch mmoja mmoja, akawaambia dada yake amechanganyikiwa, wasijisumbue kumpigia kura. Leokadia alishinda kwa kura tisa, akachaguliwa tena 2005 na 2007, mtaro ukajengwa, na kwa miaka mitano kaka na dada hawakusemezana.

Februari 2008 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na Tobias alijua tangu wiki ile, akaahirisha kumtembelea kila Jumamosi, akafika hospitali tarehe 10 Novemba, wakati mgonjwa hawezi tena kusema. Leokadia alifariki kesho yake, saa kumi na moja alfajiri. Anna amemwachia mjomba wake kazi hii kwa sababu ndivyo desturi inavyotaka, wala si kwa kuwa anastahili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, madiwani wenzake, na wauguzi aliofanya nao kazi Arlington. Inawashukuru kipekee majirani wa Alder Branch, ambao siku ya kiapo chake, Mei 2003, walipoona safu ya viti vilivyowekewa ndugu zake wa damu na Watanzania wenzake iko tupu, waliinuka walikokuwa wamekaa, wakaja kuvijaza, mmoja wao akamshikia Biblia. Tobias hakuwepo.

Mimi sikuwepo. Nisamehe, mdogo wangu, upumzike kwa amani.