Mlango wa Lempi Ruona Haufungwi

Mchungaji, ndugu, majirani, na wote mliofukua theluji mlangoni asubuhi hii ili mfike kanisani, familia imenituma mimi, Elaine Haapala, binti wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yangu Lempi Irene Ruona, na imenitaka niyasome kama yalivyokuwa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda rangi iliyopakwa juu ya kutu.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa Calumet, Michigan, mtoto wa tatu kati ya wanne wa mzee Eino Haapala, mchimba shaba, na mama Saima, akazaliwa ndani ya sauna ya nyumbani, chumba cha kuogea kwa mvuke, kwa sababu barabara ilikuwa imezibwa na hapakuwa na chumba kingine chenye joto.

Alianza shule mwaka 1947, akamaliza sekondari mwezi Juni 1959, na huko aliomba darasa la injini, akaambiwa hilo ni la wavulana, akapelekwa kujifunza kupiga chapa, akajifunza vizuri, kisha akautumia ujuzi huo kunakili vitabu vya mafundi, ukurasa kwa ukurasa, hadi vyote vikakaa kichwani mwake.

Septemba 1959 aliajiriwa kuwa karani katika duka la vifaa ambalo sasa halipo, lililouza mashine za kukata majani wakati wa joto na za kurusha theluji wakati wa baridi, na kila mteja aliyeingia, Lempi alimuuliza njia ya nyumbani kwake ina urefu gani, ni ya kokoto au ya lami, na nani hasa ataisukuma hiyo mashine, yeye au mkewe, na wengi wakaondoka na mashine ndogo kuliko waliyoifuata, au bila mashine kabisa. Mwenye duka alimwita akamwambia, "Lempi, wewe kazi yako kupiga chapa tu," naye akamjibu, "Ndiyo bosi, na barua za wanaorudisha mashine napiga mimi."

Tarehe 20 Juni 1964 alifunga ndoa na Wilbert Ruona, dereva wa lori la magogo, wakajaliwa watoto wawili, Marlene mwaka 1965 na Dale mwaka 1968, na tarehe 10 Aprili 1972 aliacha kazi ya dukani akafungua karakana yake katika banda lililo nyuma ya nyumba.

Wote mnaijua ile pini laini ya mbele ya mashine ya theluji, iliyotengenezwa ili ivunjike pale meno ya mashine yanapomeza kitu kigumu, giaboksi isipasuke. Wilbert, aliyechoka kubadili pini kila wiki katika baridi ile kubwa ya mwaka 1979, aliweka boliti ya chuma kigumu bila kumwambia mkewe, na tarehe 23 Januari mashine ilimeza gazeti lililoganda chini ya theluji, boliti ikakataa kukatika, giaboksi ikapasuka vipande viwili. Wilbert alisema, "Mke wangu, mashine yako imekufa," naye akasema, "Haijafa, umeiua." Shangazi aliitundika giaboksi hiyo mlangoni mwa karakana pamoja na boliti yake, na kwa miaka arobaini kila aliyeingia aliulizwa kwanza, "Na wewe umeweka boliti?" na wengi wenu mliomo humu mliangalia chini.

Wilbert alifariki tarehe 6 Agosti 2003. Shangazi aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo mwezi Machi 2017, na Oktoba mwaka jana wakala wa mashine mpya alitaka kulinunua banda na vipuri vyote, kwa sharti kwamba mlango ule usifunguliwe tena kwa kazi ya ufundi. Dale, aliyesafiri kutoka Green Bay kwa ajili ya mama yake, na ambaye ameniruhusu kusoma haya, alimwambia, "Mama, pumzika, mashine za siku hizi hazitengenezwi, zinatupwa." Akamjibu, "Wewe nawe ulikuwa hutengenezeki, Dale, na sikukutupa."

Marlene, mpishi wa shule, alisema ataichukua karakana yeye, na mama yake akakubali kwa sharti moja, kwamba aweze kupata kosa bila kuonyeshwa, kwa sababu karakana ya fundi asiyejua ni mbaya kuliko iliyofungwa, na akishindwa, wakala aitwe. Tarehe 19 Januari mwaka huu shangazi alimpa mashine ya theluji ya mchungaji wetu, akakaa kitini. Marlene alifungua kabureta, akakagua plagi na kamba, injini ikanguruma vizuri, sote tuliokuwepo tukasema ni nzima, lakini shangazi hakuinuka kitini. Ndipo Marlene akaizima, akachomoa pini zote mbili akazipitishia tupa, ya kwanza ikakwaruzika, ya pili tupa ikateleza juu yake kama juu ya kioo.

"Mama, nani kaweka boliti hii?"

"Mimi."

"Kwenye mashine ya mchungaji?"

"Mchungaji ana Mungu wa kumlinda. Giaboksi haina mtu ila fundi. Haya, nimiminie kahawa."

Kahawa ilipokwisha alitoa ufunguo katika mfuko wa aproni yake akautia mkononi mwa Marlene, na kesho yake akapiga chapa barua kwa wakala, yenye mstari mmoja: "Fundi yupo."

Alifariki nyumbani Jumatano tarehe 13 Februari 2019, zikiwa zimebaki siku kumi na nane atimize miaka sabini na minane, na kama ilivyo desturi yetu atahifadhiwa hadi ardhi iliyoganda ilainike, azikwe tarehe 11 Mei, wiki ile mnayoleta mashine za majani ambazo alisema kila mwaka kwamba mmechelewa kuzileta.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwambia ukweli, majirani waliomletea mkate na supu ya samaki, na mafundi wenzake wa Hancock waliomgawia vipuri pale wengine walipokataa kumuuzia.

Kama wakala yumo humu, jibu ni lilelile. Mashine sita ziko bandani zikiwa na vibandiko vya mwandiko wake, zimekamilika, na Jumatatu saa moja asubuhi Marlene atakuwepo, mje mzichukue, na mjiandae kuulizwa kuhusu boliti.

Shangazi, pumzika kwa amani. Giaboksi hatujaishusha.