Ufunguo Mfukoni mwa Trafiki

Kibanda changu cha chai kiko mkabala na kizuizi cha mwisho kabla ya kuupanda mlima wa Baralacha, na benchi langu lina wenyewe. Kuna Kilomita, anayedai ameimaliza India yote kwa pikipiki. Kuna Wakili, aliyefeli sheria Shimla akabaki na sauti. Na kuna Silensa, ambaye muungurumo wa pikipiki yake huamsha mbuzi bonde zima. Watu wa kikombe kimoja asubuhi nzima. Siku hiyo walipata mgeni, Shirish, kijana wa mjini Pune, amepakata mtungi wa oksijeni. Mwenzake wa safari, Abhay, ugonjwa wa mlima, ule wa kukosa hewa, ulimwangusha ng'ambo ya mlima, kwenye mahema ya Sarchu, na huko simu hazishiki. Shirish akashuka bondeni, akaupata mtungi kwa daktari. Anarudi juu na pikipiki yake, trafiki akamsimamisha hapa: akafunga usukani, akachomoa ufunguo, ndipo akadai karatasi. Karatasi zote zimo kwenye simu, na simu imezimwa na baridi. Kabla haijachajiwa, ukapita msafara wa mkubwa mmoja, trafiki akadandia gari la nyuma, huyo, akaenda nao. Ufunguo uko mfukoni mwake.

— Kosa lako ni moja tu, akaanza Kilomita. Ulisimama.

— Alininyooshea fimbo, kaka.

— Fimbo ni salamu. Mimi toka hapa hadi Kanyakumari, kusini kabisa nchi inapoishia, sijasimama. Unampungia mkono kama shemeji yako, unapita. Wahenga walisema, kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Methali hiyo inamwambia asimame, bwana, nikasema.

— Wewe Phuntsog chemsha chai.

— Simu imeshawaka, akasema Shirish. Leseni hii, bima hii. Nimwonyeshe nani sasa?

Kizuizini alibaki mzee wa idara ya barabara tu, kazi yake kushusha boriti. Adhuhuri ikifika anaishusha, kwa sababu theluji huyeyuka na maji yanaifunika njia. Baada ya hapo hapandi mtu.

— Kisheria, akasema Wakili, ufunguo ni sehemu ya chombo. Aliyeuchukua ameteka chombo. Tungekuwa na hakimu hapa, yule angelala ndani.

— Hakimu yuko wapi? akauliza Shirish.

— Likizo.

— Kaka zangu, Shirish akasema, hakuna anayepanda? Afikishe mtungi tu, mimi nibaki.

— Tulia kwanza, mdogo wangu, Silensa akamshika bega. Haraka haraka haina baraka. Mjue kwanza adui yako. Yule hataki faini. Binamu yangu amefika hadi nyumbani kwake, akakuta pipa limejaa funguo. Jioni anazimwaga kitandani, analala juu yake.

— Acha fiksi zako, akasema Wakili.

— Haki ya Mungu. Pipa likijaa, wanampandisha cheo.

Kilomita hakubali kushindwa uongo.

— Pipa si kitu. Trafiki wa milimani wanapimwa pua kabla ya kuajiriwa. Anamnusa mtu wa tambarare akiwa bado kona ya pili. Ndiyo maana mimi kila safari naipaka helmeti siagi ya yaki, ng'ombe wetu wa manyoya wa milimani.

— Hata mbwa wanakukimbiza kwa siagi hiyo, nikamwambia.

— Na ule msafara? Wakili akainama, akashusha sauti. Mnadhani mle ndani mlikuwa na mkubwa? Magari matupu yale. Yanazungushwa nchi nzima ili trafiki wapate lifti ya kutorokea na funguo za watu.

— Tuunganishe nyaya basi, akasema Shirish. Iwake tu.

— Itawaka, akasema Silensa, lakini usukani umefungwa. Utazunguka hapa hapa kama ng'ombe wa kupura ngano.

Wakacheka wote watatu. Shirish aligeuka upande, akajifuta uso kwa glavu. Niliwachukia siku hiyo, nisiseme uongo. Mimi sina pikipiki. Nina birika na goti bovu.

Lori la mafuta likashuka toka juu, likasimama. Dereva, Mpunjabi mmoja aitwaye Gurdas, akaagiza chai kabla hajafika mlangoni.

— Huko Sarchu kuna kijana hali yake mbaya, akasema. Midomo imekuwa zambarau. Nilitaka kumbeba, mwenye hema akakataa. Ili ushuke huku, lazima uipande kwanza Baralacha, na bila hewa atanifia mle mle garini. Kila gari likisimama anauliza kama Shirish amerudi.

— Shirish ni mimi.

Gurdas akautazama mtungi, halafu akamtazama yeye. Ndipo wale watatu wakaanza kumsimulia kwa pamoja: fimbo, usukani, msafara, pipa, pua. Akawasikiliza wote huku akipuliza chai.

— Na hizi pikipiki tatu hapa nje, akauliza, ni za nani?

Kilomita akachungulia kikombe chake kilichokwisha zamani. Wakili akasema, "Kisheria," halafu akainama kufunga kamba za viatu. Silensa ndiye aliyeinuka, akatoa ufunguo kwenye koti, akamwekea Shirish kiganjani bila kumwangalia usoni.

Shirish alitoka mbio. Alikuta boriti imeshuka na mzee anaifunga mnyororo. Gurdas alimfuata, akambembeleza yule mzee, baadaye akamfokea.

— Maji ya mkondo wa kwanza yamefika kiunoni, akasema mzee. Hata magari ya jeshi yamerudi. Hapa mlikuwepo toka asubuhi na njia ilikuwa wazi.

— Kesho unafungua saa ngapi, mzee? akauliza Shirish.

— Kukipambazuka.

Shirish akamshukuru. Akarudi akakaa kwenye benchi, nikampa chai, na hakuna aliyempa ushauri tena.