Skii Ndogo za Jumamosi

Kijiwe chetu ni kiti cha lifti. Lifti yenyewe, iliyokuwa ikipandisha watu mlimani, iliungua vitani, nguzo zake zikauzwa chuma chakavu, kikabaki kiti kimoja cha watu wawili ambacho Hasna alikichimbia mbele ya mkahawa wake, hapa chini ya mlima Jahorina. Sisi wanne tunakibana kila asubuhi utadhani kuna mahali kitatupeleka. Yuko Msumari, seremala mwembamba asiyejua kunyamaza. Yuko Daktari, ambaye udaktari hakusoma hata dakika moja. Aliendesha gari la wagonjwa miaka ishirini, akashuka humo na shahada. Mimi nilikuwa mpeleka barua, wananiita Stempu. Na yuko Fehim, ambaye tunamwita Plau, kwa kuwa amewafundisha watoto wa mtaa huu, vizazi vitatu, kukutanisha mbele ncha za skii, zile mbao za kutelezea thelujini, kama plau ili wasimame kabla hawajaukumbatia msonobari. Jumatano ile Plau alikuja na skii ndogo kwapani, zile alizojifunzia mwanawe Nedim. Rangi nyekundu imebanduka, lakini chini zilikuwa zimepakwa nta mpya, zinang'aa.

Msumari: Kumbe wanakuja kweli?

Plau: Jumamosi. Tiketi imekatwa.

Msumari: Hata mwaka jana walikuja. Na mwaka juzi pia.

Nikamkanyaga mguu. Miaka mitatu mfululizo Nedim anasema anakuja kutoka Malmö, huko ughaibuni, na mkewe na binti yao, na miaka mitatu Plau anazipaka nta skii hizi. Mtoto mwenyewe hajaletwa huku tangu azaliwe.

Plau: Nimekwambia tiketi imekatwa! Siku nne. Nedim kaniambia kwenye simu, "Baba, Eldina akiipenda theluji tutakuja kila mwaka. Asipoipenda, mama yake anataka baharini." Basi. Nina siku nne za kumfanya mjukuu wangu atake kurudi.

Daktari: Ana miaka mingapi?

Plau: Sita.

Daktari: Umechelewa, bwana! Mtoto anawekwa kwenye skii kabla hajaota meno. Meno yakiota, uzito wote unahamia kichwani, ndipo anaanza kuanguka kifudifudi. Samaki mkunje angali mbichi.

Msumari: Samaki hana magoti, we.

Daktari: Ndiyo maana hatelezi!

Hasna akamimina kahawa. Plau akachukua finjani yake, na vipande viwili vya sukari vikaingia mfuko wa koti badala ya kinywani. Wiki nzima alikuwa akifanya hivyo.

Hasna: Fehim, sukari yangu inakwenda wapi?

Plau: Ni ya mtoto. Siku ya kwanza sifundishi kwenda, nafundisha kuanguka. Anaanguka ubavu, anainuka mwenyewe, anapata kipande. Kufika saa sita mchana anaanguka makusudi. Hapo hofu imekwisha.

Msumari: Achana na mambo ya kale. Mpe ubao mmoja wa theluji, kama vijana wa sasa. Skii ni mbili, na mpanda farasi wawili hupasuka msamba.

Plau: Ubao unafunga miguu yote miwili. Mtoto akianguka anajiona kafungwa. Nani atataka kurudi alikofungwa?

Msumari akapiga funda moja la kahawa.

Msumari: Hata hivyo huyo hatateleza. Sikiliza mtu wa kazi. Ndani ya sikio la binadamu kuna pima maji, kama ile yangu ya kupimia meza. Sasa Malmö ni tambarare tupu. Mtoto kazaliwa kule, povu la pima maji yake limeganda katikati. Ukimleta kwenye mteremko, povu linakimbilia puani. Atapiga chafya mpaka Jumanne.

Daktari: Sikio halina hatia. Ni theluji. Theluji inawajua watu wake, wallahi. Sisi tuliozaliwa huku ilikuwa inatupokea kama godoro. Lakini hii ya siku hizi inatemwa na mashine, haina mama wala baba, haimjui mtu. Umeona jana walivyoanguka wale wageni? Haikuwapokea!

Msumari: Walikuwa wamelewa.

Daktari: Na asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Plau: Nyamazeni kidogo. Mimi nitakwenda kinyumenyume mbele yake, nimeshika ncha za skii. Mwalimu wa watoto haangalii bonde, anaangalia uso. Ukiona mdomo wa chini unatetemeka, unasimama, unamwonyesha ndege. Miaka arobaini nimeshuka mlima huu kisogo mbele, sijampoteza mtoto hata mmoja.

Msumari: Hujampoteza? Nihesabie, mzee. Mtoto wa jirani yetu Ramo yuko Graz. Mapacha wa mwokaji mikate, Ljubljana. Mwanao, Malmö. Umewafundisha wote kusimama, na hakuna aliyesimama hapa kwetu.

Nilitamani kummwagia kahawa. Alisema kweli, na ndiyo iliyoniudhi zaidi, maana wanangu wawili pia wako ughaibuni. Plau hakukasirika. Alifuta ukingo wa skii kwa mkono wa koti, mahali pasipokuwa na doa.

Plau: Nedim aliniita, unajua. Eldina alipozaliwa. "Baba, njoo umwone." Ilikuwa Januari, nina watoto kumi na tisa mlimani, watoto wa wageni. Nikamwambia nitakuja theluji ikiyeyuka. Ikayeyuka, nikasema baadaye.

Daktari akamsogezea kisahani cha sukari.

Ndipo akaja Lejla kutoka ng'ambo ya barabara, binti mgeni aliyefungua duka la kukodisha skii mwezi uliopita. Alikuwa na drili mkononi na penseli sikioni. Plau alikuwa amemwomba afunge vishikio vipya vya viatu kwenye skii za Nedim, maana vile vya zamani vimelika.

Lejla: Haya, babu, nimepata dakika kumi. Anavaa kiatu namba ngapi?

Plau: Kiatu... Namba yake siijui, mwanangu.

Lejla: Si neno, nitakadiria kwa kimo. Na hizi zisimpite kidevu, vinginevyo zitamsumbua kugeuza. Anakufika wapi?

Plau akainuka. Akaweka kiganja kwenye mkanda. Akakipandisha mbavuni. Akakishusha tena.

Plau: Kwenye simu namwona kuanzia hapa kwenda juu. Amekaa. Siku zote huwa amekaa.

Lejla akasubiri, penseli imegusa skii.

Msumari: Mpigie Nedim.

Plau: Nimwambie nini? Mwanangu, nieleze mjukuu wangu ana urefu gani?

Tulikuwa tumebishana saa nzima. Tulijua meno yake, masikio yake, na theluji itampokea vipi. Msumari, ambaye hukadiria mbao kwa jicho, alitazama ndani ya finjani yake. Hasna alisimama mlangoni na birika, na hakuna aliyenyoosha kikombe.

Lejla: Basi nitatoboa Jumamosi, babu, tukishampima hapa hapa.

Plau: Jumamosi.

Lejla akavuka barabara kurudi dukani. Plau hakukaa. Mkono wake ulikuwa bado hewani, mahali fulani kati ya mkanda na mfuko wenye sukari, ukipanda kidogo na kushuka kidogo.